Sanje: Maporomoko Yanayotengenezwa na Msitu

Je, wajua kwamba Tanzania ina hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990 ambayo huizunguki kwa gari? Ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Humo hakuna barabara za kufuatia wanyama. Kuna njia za miguu tu. Iliyo maarufu kuliko zote hupanda kutoka upande wa kijiji cha Sanje, katika Bonde la Kilombero, hadi kwenye maporomoko yenye jina la kijiji hicho.

Maji ya Sanje huanguka jumla ya mita 170 hivi kwa hatua tatu, na hatua ndefu kuliko zote ina mita zipatazo 70. Msafiri anayetoka Mikumi kwenda Ifakara huyaona akiwa bado barabarani: mstari mweupe juu ya mlima wa kijani, na chini yake mashamba ya miwa.

Ukuta wa mwamba ulitoka wapi?

Udzungwa ni ncha ya kusini ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kupitia Pare, Usambara, Nguru na Uluguru. Tofauti na Kilimanjaro, milima hii haikujengwa na volkano. Ni vipande vya mwamba wa kale, mgumu, ulioivishwa kwa joto na mgandamizo ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Baadaye ardhi ilipasuka; upande mmoja ukainuka ukawa mlima, mwingine ukadidimia ukawa Bonde la Kilombero. Mto unaotoka juu ya mlima hukutana na ukingo wa ukuta huo ghafla, na kwa kuwa mwamba haumomonyoki upesi, maji hayana njia ila kuruka.

Ukitaka kujua yanaruka kwa kasi gani, piga hesabu. Kitu kinachodondoka mita 70 pasipo kuzuiwa na hewa hufika chini kikiwa na kasi ya takriban kilomita 133 kwa saa. Maji hayafikii hapo. Njiani hewa huyapasua yakawa matone, na tone kubwa la maji halizidi kilomita 32 hivi kwa saa hata liangushwe kutoka mawinguni. Matone madogo zaidi huwa mepesi kiasi cha kubebwa na upepo. Hayo ndiyo manyunyu yanayokulowesha kabla hujafika kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko, na ubaridi unaousikia hutokana nayo: matone yanapogeuka mvuke huchukua joto la hewa.

Kiangazi maji hutoka wapi?

Ukuta peke yake hautoshi. Yapo magenge mengi marefu ambayo hutoa maji wiki mbili za masika, kisha hubaki mawe makavu. Sanje hutiririka hata mwezi wa Septemba, wakati nyasi za bondeni zimekwisha kukauka. Sababu ni msitu ulio nyuma yake.

Pepo za Bahari ya Hindi hufika zikiwa na unyevu mwingi. Zikigonga mlima hulazimika kupanda, na kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyopoa, takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke wote, hivyo mvua hunyesha. Miteremko ya mashariki ya Udzungwa hupata mvua inayofikia milimita 2,000 kwa mwaka. Juu zaidi, hata mvua isiponyesha, mawingu hupita katikati ya miti. Majani na kuvumwani hunasa matone ya mawingu hayo na kuyadondosha ardhini.

Kinachofuata ndicho kinachoamua hatima ya mto. Penye miti, mvua hupokewa kwanza na majani, ikatua taratibu juu ya tabaka la majani yaliyooza, ikazama ardhini kwa kufuata mizizi. Huko hutunzwa kama maji ya mtungini, yakachotwa kidogo kidogo kupitia chemchemi kwa miezi mingi. Penye ardhi tupu, mvua hiyohiyo huteremka kwa saa chache ikiwa mafuriko ya tope, na baada yake mto hukauka.

Kwa hiyo mtu anayepanda kwenda Sanje anatembea ndani ya mtambo wenyewe. Udzungwa ni miongoni mwa sehemu chache sana za Afrika Mashariki ambako msitu haujakatika kuanzia mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000.

Wakazi wasiopatikana kwingine

Unyevu wa bahari haukukoma hata katika vipindi vya baridi na ukame vilivyofuta misitu mingi ya Afrika. Misitu ya Tao la Mashariki ilinusurika ikiwa imetengana, na viumbe wake wakabadilika kila kundi mahali pake.

Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa msituni hapa wakichunguza mbega wekundu. Wakasikia mlio wasioutambua. Mwenyeji aliyewaongoza hakushangaa. Alijua ni wa ngolaga. Kumbe sayansi haikuwa na habari za kima huyo mwenye manyoya ya kijivu na mkia mrefu. Leo vitabuni anaitwa *Cercocebus sanjei*, kwa heshima ya Sanje, na haishi porini popote nje ya Udzungwa.

Hakuwa wa mwisho. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ndege wa ajabu ndani ya chungu cha kitoweo kambini. Ndiyo ikawa habari ya kwanza ya kwale wa Udzungwa. Mwaka 2008 akatangazwa sange mpya, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, mkubwa kuliko ndugu zake wote wanaojulikana.

Chura aliyeishi kwa manyunyu

Anayedhani maporomoko ni mandhari ya kupigia picha tu, na asikie habari za Kihansi, mto mwingine wa milima hiihii. Mwaka 1996 watafiti waliokuwa wakikagua mazingira ya mradi wa umeme walimkuta huko chura wa rangi ya manjano, asiyezidi sentimita 3. Hatagi mayai majini kama wenzake; huzaa watoto waliokamilika. Dunia nzima hakuwa na makazi mengine isipokuwa hekta chache za majani yaliyoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko.

Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ya Kihansi ilielekezwa kwenye mitambo ya megawati 180. Manyunyu yakapungua, majani yakaanza kukauka. Mwaka huohuo vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili kizazi kisipotee. Katika korongo la Kihansi yalifungwa mabomba ya kunyunyizia maji, na kwa muda vyura wakaongezeka tena. Ndipo kukazuka ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu, ambao umeua vyura wa nchi nyingi. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Waliokuwa Marekani waliendelea kuzaana. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura walianza kurudishwa korongoni kwao. Ni nadra sana kwa amfibia aliyekwisha kutoweka porini kurudishwa alikotoka. Lakini angalia gharama yake: mabomba, maabara, ndege na miaka mingi ya kazi, yote ili kufidia kilichokuwa kikifanywa bure na maji yanayoanguka.

Ukitaka kwenda

Anzia Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi. Panafikika kwa basi la Ifakara au kwa treni ya TAZARA. Chukua kitambulisho, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio nafuu kuliko wageni wengine. Utapewa mwongozaji, na mzunguko wa Sanje huchukua takriban saa nne. Juni hadi Oktoba njia huwa kavu. Machi hadi Mei maji huwa mengi, lakini mteremko huteleza, basi vaa viatu vyenye meno. Suruali ndefu itakukinga na siafu. Bwawani unaweza kuoga, ila usipande miamba iliyolowa, na mfuko wa plastiki uliokwenda nao urudi nao.

Na ukiwa kule juu, tazama chini. Miwa ya Kilombero hunywa maji ya milima hii. Mto Kilombero, unaopokea vijito vya Udzungwa, huuletea Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na Rufiji ndio unaozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Wakati mwingine ukisikia mtu akisema msitu wa mlimani ni ardhi iliyokaa bure, mwambie awashe taa.