Bei ya asilimia 95

Mama lishe wanne wa sokoni wamefunga siku na mauzo ya shilingi 18,000, 22,000, 25,000 na 31,000. Wanne wa stendi wameuza 27,000, 34,000, 40,000 na 120,000. Tarakimu ni za mfano, ingawa tenda moja ya kupikia semina inatosha kuzifanya za kweli.

Wastani wa soko ni 24,000 na wa stendi 55,250: pengo la 31,250. Mtoe mwenye 120,000, pengo linabaki 9,667. Asilimia 69 ya tofauti ilikuwa kwenye masufuria ya mtu mmoja.

Mwaka 1945 Frank Wilcoxon, mkemia wa Marekani, alipendekeza thamani zenyewe ziwekwe kando, zihesabiwe nafasi. Wote wanane wakipangwa kuanzia aliyeuza kidogo zaidi, soko linashika nafasi ya 1, 2, 3 na 5, jumla 11. Nafasi nane zinaweza kugawanywa wanne kwa wanne kwa njia 70. Zilizoelemea kiasi hiki au zaidi, kwa upande wowote, ni 4: asilimia 5.7. Hiyo ndiyo p, yaani uwezekano wa kupata mwelemeo huo au mkubwa zaidi kama maeneo hayatofautiani. Mpaka wa mazoea ni 5, kwa hiyo ripoti itaandika kwamba tofauti haina umuhimu wa kitakwimu.

Masafa ya uhakika, yaani makadirio ya kima cha chini na cha juu cha tofauti halisi, hapa hupatikana kwa kulinganisha kila wa stendi na kila wa soko. Ni jozi 16, na tofauti ya katikati ni 13,500. Kutoka tofauti ndogo kabisa hadi kubwa kabisa ni -4,000 hadi 102,000, kwa uhakika wa asilimia 97.1. Kata moja kila upande: 2,000 hadi 98,000, kwa asilimia 94.3. Sifuri imo kwenye masafa ya kwanza, kwenye ya pili haimo. Ukikata sawa kila upande, katikati hakuna ngazi nyingine. Programu ikichapa “95%” hapa, iulizwe imeipata wapi.

Tuseme kumhoji mmoja ni shilingi 15,000. Watatu kwa watatu ni 90,000, na njia ni 20 tu: hata stendi yote ikilipita soko lote, p haishuki chini ya asilimia 10. Kwa 120,000, wanne kwa wanne, inaweza kufika 2.9, kwa 150,000, watano kwa watano, 0.8. Aliyetumia 90,000 akitafuta chini ya 5 alilipia jibu lililokwisha kuandikwa.

Hata ile 13,500 ina sharti lake: kwamba stendi ni soko lililosogezwa juu kwa kiasi kimoja. Lisogeze, upate 31,500, 35,500, 38,500 na 44,500. Mwenye 120,000 hayumo.