Kazi Katika Kampuni ya Kati

Tukizungumza juu ya ajira tunataja serikali na makampuni makubwa, tukaisahau kampuni ya kati. Kwa sera ya Tanzania ya mwaka 2003, hiyo ni yenye wafanyakazi 50 hadi 99.

Uzuri wake ni kwamba mkurugenzi anakujua kwa jina. Mtoto akishikwa na homa usiku, ruhusa unaiomba asubuhi mlangoni pake, bila barua ya kupita ofisi tatu. Tena unajifunza mengi: karani wa hesabu hujikuta anaijua bohari, bandari na benki.

Lakini meza yako mara nyingi haina mwenzako. Ukienda kujifungua, nani atashika daftari? Hapo ndipo mama huambiwa, “Rudi mapema kidogo, sisi ni familia.” Neno tamu hilo! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akipata mapacha, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. Yeye amwarifu mwajiri angalau miezi 3 kabla, pamoja na cheti cha daktari.

Tena, mteja mkubwa mmoja akichelewa kulipa, mishahara nayo huchelewa, na michango ya NSSF huweza kuachwa. Hati ya mshahara kuonyesha makato si uthibitisho kwamba fedha zimefika. Dada, pita NSSF uombe taarifa ya michango yako, hasa kabla hujaacha kazi.