UMEME WA KUSUGUANA NA RADI: TUUELEWE KABLA YA MVUA



Mvua za mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili ndizo zinazotulisha sisi watu wa Kalamba na Ukambani kwa jumla. Tunaziombea na tunazingoja. Lakini zikija, huja na radi, na saa hizo wengi wetu tuko shambani tukipanda au kupalilia, ama tumekaa chini ya mwembe kwa mkutano wa kikundi. Kwa hivyo katika toleo hili tueleze radi ni nini, inatoka wapi, na kikundi kifanye nini. Tuanze na kitu kidogo, maana radi na kitanuo cha nywele ni watu wa ukoo mmoja.

JARIBUNI NYUMBANI

Chukua kitanuo cha plastiki na urarue karatasi vipande vidogo sana. Chana nywele kavu zisizo na mafuta mara ishirini hivi, kisha sogeza kitanuo karibu na zile karatasi bila kuzigusa. Utaona zinaruka na kushika kitanuo. Si uchawi. Ni umeme tuli, yaani umeme uliokaa mahali pamoja, tofauti na stima inayopita katika waya.

Wagiriki wa kale waliona jambo hilo hilo walipokisugua kipande cha utomvu wa mti uliogeuka kuwa jiwe. Kwa lugha yao utomvu huo uliitwa elektron, na hapo ndipo neno elektroni lilipotoka.

KWA NINI HUTOKEA?

Kila kitu, iwe jembe, mbuzi au wewe mwenyewe, kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Katikati ya atomu kuna chaji inayoitwa chanya, na pembeni kuna elektroni zenye chaji inayoitwa hasi. Kwa kawaida chanya na hasi ziko sawasawa kama mizani iliyotulia, ndiyo sababu hatusikii kitu.

Vitu viwili vikisuguana, elektroni zingine hutoka kwa kimoja na kuhamia kwa kingine. Kilichopokea kinakuwa hasi, kilichopoteza kinabaki chanya. Angalieni, hakuna chaji mpya iliyozaliwa. Ni kama pesa za mzunguko katika kikundi: zinatoka mfuko huu na kuingia ule, lakini jumla ni ile ile.

Kanuni ni mbili tu. Chaji za aina moja husukumana. Chaji za aina mbili huvutana, na zikipata njia hurudiana ili mizani itulie tena. Kurudiana kwa ghafula ndiko tunakoona kama cheche.

Plastiki, nailoni na mpira havipitishi chaji vizuri, kwa hivyo hukaa hapo hapo. Chuma, udongo wenye maji na mwili wa binadamu hupitisha. Ndiyo maana wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, ukivua sweta ya nailoni usiku utasikia inalia taratata na hata kuona vimulimuli. Wakati wa mvua haitokei sana, kwa sababu unyevu kidogo juu ya nguo huipa chaji njia ya kwenda zake.

MAHALI PAWILI PA KUANGALIA

Kwanza ni mashine ya posho. Mkanda unapozunguka juu ya magurudumu yake hukusanya chaji. Saa zingine mtu akisogeza mkono karibu hupigwa kidogo. Cheche yenyewe ni ndogo, lakini mtu akishtuka anaweza kuangukia mkanda. Mkanda ufunikwe, na wenye mahindi wangoje mbali. Ila kama ni mashine ya stima na inapiga watu kila wakati wanapogusa chuma chake, hiyo si ya kusuguana. Zimeni na muite fundi.

Pili ni petroli, hasa kwa vikundi vilivyo na pampu ya kunyunyizia mboga. Petroli ikitiririka hukusanya chaji, na mtungi wa plastiki hauiachi iende ardhini. Mvuke wa petroli unahitaji cheche ndogo tu ili uwake. Kwa hivyo usijaze mtungi ukiwa juu ya pikipiki au nyuma ya pikapu. Uweke chini kwenye ardhi, mdomo wa bomba uguse mdomo wa mtungi, na ujaze polepole. Mtungi wenyewe uwe uliotengenezwa kwa petroli, si ule wa mafuta ya kupikia.

SASA RADI

Ndani ya wingu kubwa la mvua kuna upepo mkali unaopanda. Vipande vya barafu na mvua ya mawe hugongana humo, vikibadilishana elektroni kama kitanuo na nywele. Vyepesi hupanda juu vikiwa chanya, vizito hubaki chini vikiwa hasi. Chaji ya chini ya wingu inaposogea juu ya ardhi yetu, huvuta chaji ya chanya ikusanyike juu ya miti, nyumba, vilima na hata vichwa vya watu. Hewa huzuia zisikutane, hadi inashindwa. Hapo zinakutana kwa nguvu.

Cheche hiyo ndiyo radi. Njia yake hupata joto la nyuzi 30,000 hivi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hupanuka ghafula, na huo mlipuko ndio ngurumo. Mwanga hufika papo hapo, sauti huchukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita. Ukihesabu sekunde 30 au chini kutoka mwanga hadi ngurumo, radi iko ndani ya kilomita 10, na inayofuata inaweza kuwa juu yako.

Haihitaji kukugonga moja kwa moja. Ikipiga mti hurukia aliye karibu, tena husambaa ardhini. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, kwa hivyo umeme hupanda mguu mmoja, ukapita kifuani na kushukia mwingine. Ndiyo maana ng'ombe kadhaa hufa pamoja chini ya mti mmoja, au kando ya ua la seng'enge.

WANASEMA, LAKINI...

Wanasema radi hutumwa na adui. Hapana, wapendwa. Juni 2011 iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Machi 2018 iliua waumini 16 kanisani wilaya ya Nyaruguru, Rwanda. Novemba 2024 iliua watu 14 waliokusanyika kwa maombi katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, Uganda. Hawakuwa na hatia yoyote. Walikuwa wengi mahali pamoja, katika jengo lisilo na kinga. Kumlaumu jirani hakurudishi mtu, na huvunja kijiji.

Wanasema tufunike kioo na tusivae nguo nyekundu. Radi haichagui rangi, wala kioo hakiiiti. Wanasema viatu vya mpira vinatosha. Radi imevuka kilomita kadhaa za hewa, haitazuiwa na soli ya kandambili.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Mkisikia ngurumo, achene kazi. Wekeni majembe na sururu chini, tokeni mtoni na juu ya kilima.
2. Msijikinge chini ya mti, hata kama mvua ni kali. Kulowa hakuui.
3. Ingieni jengo kubwa la mawe au matofali lenye mabomba na waya za stima, ama gari lenye bodi ya chuma, madirisha yakiwa yamefungwa. Kibanda cha nyasi au cha mabati si kinga.
4. Mkiwa ndani, msiguse bomba, seng'enge wala nguzo za chuma. Acheni kuchaji simu.
5. Kama hakuna jengo, tawanyikeni mkiendelea kutafuta kimbilio. Msilale chini wala kushikana mikono.
6. Ngojeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Shule na makanisa yanaweza kuwekewa kinga: fimbo ya chuma juu ya paa, waya mnene wa shaba unaoshuka, na vyuma vilivyozikwa ardhini. Benjamin Franklin wa Marekani ndiye aliyeleta wazo hili miaka ya 1750. Lakini udongo wetu wa mchanga, tena mkavu, haupitishi umeme vizuri, kwa hivyo sehemu ya ardhini lazima ipimwe na fundi aliyesomea. Fimbo isiyofika ardhini vizuri ni hatari.

MTU AKIPIGWA

Mgusieni bila hofu. Mwili wake haushiki umeme. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, msiache, huku wengine wakitafuta gari la hospitali. Wakiwa wengi, anzeni na yule anayeonekana amekufa, maana anayelia bado anapumua. Wengi wameachwa wafe kwa sababu watu waliogopa kuwagusa. Mungu ametupa akili na mikono, tuvitumie.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kikundi chetu hukutania wapi wakati wa mvua? Tuna jengo gani karibu?
2. Nani atakuwa na kazi ya kusikiliza ngurumo na kusimamisha kazi?
3. Wachungaji wetu hupeleka ng'ombe wapi mvua ikianza?
4. Ni nani kati yetu anajua kubonyeza kifua, na nani atawafundisha wengine?