Mana ya Jana Haishibishi Leo

Mwezi huu nataka kukuambia jambo ambalo sikufundishwa katika Shule ya Biblia. Alinifundisha mtoto wangu.

Ilikuwa jioni moja hapa kwetu Butembo. Nilikuwa mezani na Biblia, kalamu na karatasi, natayarisha mahubiri ya kesho. Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa wakati ule, alisimama mlangoni akaniangalia. Kisha akauliza: "Papa, mbona wewe unasoma Biblia Siku ya Posho tu?"

Mama yake alikuwa kwenye mbabula anasonga bugali. Hakusema neno. Lakini niliona mwiko umesimama.

Nilimjibu nini? Nilimtuma maji. Ndiyo, mimi pasta, nilimtuma mtoto maji ili asiniulize tena.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilihesabu juma langu: mazishi, mikutano, wagonjwa, ndoa zenye ugomvi. Biblia nilikuwa naifungua ili nipate neno la kuwapa wengine. Mimi mwenyewe sikuwa nakula. Nilikuwa kama mpishi anayepakulia wageni kila siku na kulala njaa, wala hakuna anayejua, kwa maana mikono yake inanukia chakula.

MANA ILIYOLALA

Soma Kutoka sura ya 16. Mungu aliwapa Waisraeli mana jangwani. Kila asubuhi walipaswa kutoka na kuokota ya siku ile. Wengine walifikiri wana akili, wakaweka akiba. Asubuhi ikaota mabuu na kunuka. Ila kwa ajili ya Sabato tu waliruhusiwa kuokota ya siku mbili.

Mana ile haikuwa mbaya. Ilikuwa njema kabisa, lakini ilikuwa ya jana.

Wapenzi, wengi wetu tunaishi kwa mana iliyolala. Mmoja anasimulia kampeni ya injili alimookokea zamani. Mwingine anangoja mkesha wa mwisho wa mwezi apate moto, na siku ya tatu moto umezimika. Mkesha si mbaya, na kampeni si mbaya. Lakini hakuna mtu anayekula karamu moja akashiba mwaka mzima.

MILANGO ILIPOFUNGWA

Sisi wa Beni na Butembo tumekwisha kupimwa katika jambo hili. Mwezi wa Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, kuanzia Mangina. Ilikaa kwetu mpaka Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Tuliacha kupeana mikono. Tuliogopa hata kukaa karibu na ndugu kanisani. Kabla haijaisha, Machi 2020, serikali ilifunga makanisa yote kwa sababu ya korona, na miezi ikapita.

Ndipo ilipoonekana nani ana chakula nyumbani. Kuna familia zilizoendelea kuimba na kuomba kama kawaida. Nyingine zilinyamaza kabisa, kwa kuwa imani yao yote ilikuwa imewekwa katika jengo, na jengo lilikuwa na kufuli.

Mfikiri Danieli (Danieli 6:10). Mfalme alipokataza maombi, Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, kama alivyozoea tangu zamani. Shika maneno hayo: alivyozoea. Hakuanza kuomba siku ya amri. Simba walimkuta mtu ambaye tayari alikuwa na desturi.

MUZEE WA MBOGA

Tuna mfano karibu na sisi. Apolo Kivebulaya alikuwa Mganda. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka 1896 alitoka Toro, akavuka mto Semliki, akafika Mboga, ambayo leo iko Ituri. Wengine walimkataa. Alipigwa, alishitakiwa, akafungwa na kupelekwa Toro kama mhalifu. Katika dhiki alimwona Yesu, kama alivyosimulia mwenyewe, akimwambia asiogope bali awahubiri watu wake.

Alirudi Mboga. Chifu Tabaro, aliyempinga mwanzoni, akaja kubatizwa na kuitwa Paulo. Mwaka 1921 Apolo alianza kazi kati ya Wambuti wa msituni. Alifariki palepale Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kufuatana na desturi angezikwa kichwa kikielekea mashariki, lakini aliomba kielekezwe magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa bado.

Tangu 1896 mpaka 1933 ni miaka 37. Ono la usiku mmoja linaweza kumwinua mtu aliyeanguka. Lakini miaka yote ile mtu anaitembea siku kwa siku: leo anafundisha wachache kusoma Neno, kesho anaamka na kuanza tena.

BASI TUFANYE NINI?

1. Chagua saa ndogo, uishike. Usiahidi saa mbili utakazoziacha kesho. Anza na dakika kumi kabla ya kuwasha telefoni. Mchimbaji anajua kwamba dhahabu haijai karayi kwa mara moja. Anaosha mchanga, anaosha tena, anapata chembe. Lakini haruki siku.

2. Fanyeni pamoja nyumbani. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kukaa nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Haitaji jengo. Mistari michache, wimbo mmoja, maombi mafupi. Mtoto naye asome. Papa akiwa kwenye mashimo upande wa Manguredjipa, mama aongoze. Naye papa huko porini asome sura ileile. Akirudi, watakuwa na jambo moja la kuzungumza zaidi ya pesa.

3. Weka Neno moyoni. Tangu Oktoba 2014 wengi upande wa Beni wamekimbia mauaji bila kubeba kitu. Mama mmoja kutoka upande wa Eringeti aliniambia Biblia yake iliungua pamoja na nyumba. Nikamhurumia. Akanijibu: "Pasta, ile ya kichwani haikuungua." Kijana, kila juma shika mstari mmoja. Huo hauhitaji moto wa betri wala kredi.

4. Moyo ukiwa mkavu, usiache. Ziko siku utaomba na kuona kama maneno yanagonga mabati na kurudi. Mwambie Mungu hivyohivyo. Zaburi nyingi ni kilio. Na ukiruka siku tatu, usijifiche kama Adamu. Rudi siku ya nne.

ASUBUHI ILE

Kesho yake, kabla ya kwenda kuhubiri, niliita familia yote. Nilimwomba binti yangu msamaha mbele ya wote, kwa kumtuma maji wakati aliniuliza neno la kweli. Aliinama, akaona haya. Kisha tukasoma Kutoka 16, yeye akisoma kwa sauti, polepole, akikwama na kuendelea.

Tulipomaliza, mke wangu alisema neno moja tu: "Pasta, tulikuwa tunakungoja."

Ndugu msomaji, pengine hata kwako kuna watu wanangoja. Hawangoji mahubiri. Wanangoja kukuona unaokota mana ya leo. Kesho asubuhi itakuwa pale tena, mlangoni. Toka uiokote.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Mara ya mwisho tuliomba pamoja lini? Saa gani inafaa kwetu sote? Nani atatukumbusha?