Adabu za poka ya nyumbani

Adabu za poka ya nyumbani ni kanuni za mwenendo zinazofuatwa na watu wanaocheza poka kati ya marafiki au jamaa, nje ya kasino. Baadhi yake zimo katika vitabu vya sheria za mchezo huo, lakini nyingi ni desturi tu. Kwa kuwa nyumbani hakuna mwamuzi, mgawaji wa kulipwa wala kamera, haki ya mchezo hutegemea wachezaji wenyewe.

Asili

Poka ni mchezo wa karata ulioenea nchini Marekani katika karne ya 19, hasa kutoka New Orleans na kupitia meli za mvuke za mto Mississippi. Katika meli hizo walikuwemo wacheza kamari waliojulikana kwa kutia karata alama na kuzificha ndani ya mikono ya nguo.

Desturi kadhaa za leo ni kinga dhidi ya wizi wa namna hiyo. Karata huchangwa mbele ya wote, kisha mchezaji mwingine huzikata kabla hazijagawiwa. Mchezaji haondoi karata zake juu ya meza. Kazi ya kugawa nayo huzunguka kwa zamu, na kitu kidogo huwekwa mezani kuonyesha zamu ni ya nani.

Makubaliano kabla ya kuanza

Wachezaji hukubaliana mapema juu ya aina ya poka (kwa mfano Texas Hold'em au Omaha), kiasi cha dau, thamani ya chipu, yaani vidude vya duara vinavyotumika badala ya fedha, na saa ya kumaliza. Saa ikijulikana, anayeondoka na ushindi halaumiwi, na aliyepoteza hawezi kuwalazimisha wenzake kuendelea hadi arudishe hasara yake.

Kanuni nyingine muhimu ni kwamba mchezaji huweka dau kwa fedha alizokuwa nazo mezani mchezo ulipoanza tu. Haruhusiwi kutoa nyingine mfukoni katikati ya mchezo baada ya kuona karata nzuri. Akiishiwa, hubaki mchezoni akigombea sehemu ya dau inayolingana na alichoweka. Hivyo mwenye fedha nyingi hawezi kumfukuza mwenzake kwa utajiri wake.

Mwenendo mezani

Kila mchezaji husubiri zamu yake. Tuseme wamebaki watatu: wa kwanza ameweka dau, wa pili anafikiri, na wa tatu anatupa karata zake kabla ya wakati. Wa pili sasa anajua amebaki na mpinzani mmoja, na anaweza kuthubutu kupandisha dau. Anayeumia ni wa kwanza, ambaye hakukosea lolote.

Kwa sababu hiyo hiyo, aliyejitoa hasemi alikuwa na karata gani mpaka mchezo uishe, wala hamshauri anayeendelea. Dau huwekwa kwa mara moja. Kuweka kidogo, kutazama nyuso za wenzako, kisha kuongeza, hakukubaliki. Chipu huwekwa mbele ya mchezaji ili zihesabike, si kurushwa katikati.

Mwishoni, mwenye karata za kushinda huzionyesha bila kuchelewa. Kumwacha mwenzake afurahi kwanza huhesabiwa kuwa dhihaka.

Hila na udanganyifu

Poka huruhusu hila. Mwenye karata dhaifu anaweza kuweka dau kubwa ili wengine waogope na kujitoa, naye hana deni la kueleza alichokuwa nacho. Hila hiyo ni halali kwa sababu kila mchezaji anaweza kuitumia na kila mmoja anajua inaweza kutumika. Udanganyifu ni jambo jingine: kuchungulia karata za mwenzako, kutia alama, au wachezaji wawili kupatana kwa siri dhidi ya wa tatu.

Fedha na sheria

Sheria za kamari hutofautiana kati ya nchi na nchi. Katika jimbo la Texas, mchezo wa faragha hauadhibiwi ikiwa hakuna anayepata faida isipokuwa kwa kushinda, na nafasi za wote ni sawa. Katika jimbo la Florida, ushindi wa mchezaji katika raundi moja usizidi dola 10. Mwenyeji anayekata sehemu ya kila dau hugeuza nyumba yake kuwa mahali pa biashara.