DAMU NI SHAHIDI: KHABARI ZA KICHOMI NA WATOTO WETU



Masika moja, hapa kwetu Gonja, watoto wawili wa chuo changu waliokuwa wakikaa jamvi moja waliugua siku moja. Wote walikuwa hawajatimiza miaka mitano. Kila mmoja alikuwa na homa, mafua na kikohozi. Mama zao, kila mmoja kwa wakati wake, walikwenda duka moja wakanunua dawa ile ile ya rangi mbili, wakaikoroga na maji, wakawanywesha.

Wa kwanza alirudi chuoni baada ya siku tatu, akisoma kwa sauti kuliko wenziwe. Wa pili, usiku wa siku ya tatu, alianza kuhema kama mtu aliyepanda mlima mbio, mbavu zikibonyea ndani kila avutapo pumzi. Alikimbizwa hospitali kwa pikipiki, akawekewa oksijeni, akachomwa sindano, akapona kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Bibi yake akaja kuniuliza: "Mwalimu, dawa ni moja, duka ni moja, kikohozi ni kimoja. Mbona mmoja amepona na mwingine nusura tumzike?"

Siku ile sikuwa na jibu. Baadaye niliuliza wenye ilimu na nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Vikohozi vyafanana kwa sauti, lakini asili zake si moja. Vingi huletwa na virusi, navyo mwili huvishinda wenyewe. Dawa za antibayotiki haziviui. Vichache huletwa na bakteria wanaoshuka mapafuni na kuyafanya yavimbe na kujaa majimaji. Hicho ndicho kichomi tunachokiogopa, nacho chataka antibayotiki iliyo sawa, kwa kipimo kilicho sawa na kwa haraka. Katika taarifa iliyotolewa mwaka 2014, waganga waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara. Kiasi cha 62 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya njia ya pumzi. Lakini katika hao, waliothibitishwa kwa picha ya eksirei kuwa na kichomi walikuwa 5 tu katika kila 100. Basi yaelekea mtoto wetu wa kwanza angalipona hata kwa maji na uji, na dawa ikapata sifa isiyo yake. Wa pili alihitaji mganga tangu mapema, nayo dawa ya duka ilitutuliza roho tukachelewa.

Je, mganga atawatenganaishaje wawili hawa? Hapa ndipo damu inapoitwa kutoa ushahidi.

Mwaka 1930, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, William Tillett na Thomas Francis walikuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa kichomi. Waliona kwamba maji ya damu hiyo, yakichanganywa na kitu kilichotolewa katika bakteria wa kichomi, ambacho walikiita kwa herufi C, hugandana na kutuama. Mgonjwa akipona, jambo hilo latoweka. Ilikuja kujulikana kuwa sababu yake ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopatwa na uvimbe wa maradhi. Leo huitwa kwa herufi tatu, CRP. Kwa mtu mzima wa afya, kwa kawaida haifiki miligramu 10 katika lita ya damu. Lakini bakteria wakishambulia mapafu, huanza kupanda kwa muda wa saa chache, na yaweza kupita 100. Siku hizi yaweza kupimwa kwa tone la damu ya kidoleni, na jibu likapatikana kwa dakika chache.

Jambo hili limejaribiwa katika nchi yetu. Kuanzia mwaka 2014 hadi 2016, katika vituo 9 vya Dar es Salaam, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa, wote chini ya miaka mitano, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walitibiwa kwa mwongozo wenye vipimo vya damu, CRP ikiwamo. La pili kwa mwongozo usiokuwa na vipimo hivyo. Katika fungu la kwanza waliopewa antibayotiki siku ya kwanza walikuwa kiasi cha 11 au 12 katika kila 100, na katika la pili kiasi cha 30. Kwa watoto waliotibiwa kwa desturi ya kila siku, walikuwa 95 katika kila 100! Tena waliopewa dawa kidogo hawakudhurika: ambao hawakupona kufikia siku ya saba walikuwa kama 2 katika kila 100, na katika fungu la pili kama 4.

Lakini ndugu zangu, shahidi mmoja hatoshi kwa hukumu. CRP husema, "Nyumba inaungua", haisemi aliyeiwasha. Hupanda kwa malaria na kwa kifua kikuu pia, na mwanzoni mwa ugonjwa yaweza kuwa bado ndogo. Kwa hiyo mganga humtazama mtoto, huhesabu pumzi zake, husikiliza kifua, ndipo akaisikiliza damu. Wala kipimo hiki hakijafika katika kila zahanati.

Basi nyumba isiyo na kipimo ifanye nini? Shahidi mwingine yumo humo humo ndani. Mtoto akitulia, mfunue kifua, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi miwili, zikifika 60. Wa miezi miwili hadi mwaka, zikifika 50. Wa mwaka hadi miaka mitano, zikifika 40: mpeleke kwa mganga siku hiyo hiyo. Na mbavu zikibonyea, au akishindwa kunywa au kunyonya, au akitapika kila kitu, au akapatwa na degedege, au akalegea asiamke vyema, usingoje asubuhi. Nenda usiku huo huo.

Na duka la dawa lisiwe hakimu wetu. Antibayotiki itumiwapo pasipo haja hulea bakteria walioizoea, na siku ya haja dawa isifae kitu.

Nimekwisha kumweleza bibi yule haya yote. Siku hizi, mjukuu wake akikohoa, humlaza mapajani, akashika saa ya marehemu mumewe, akahesabu. Juzi alihesabu 32, akampikia uji.