Bibi Aligeuka Kivuli, Mume Wangu Akaninunia

Ushawahi kununiwa na mumeo siku tatu kwa sababu ya picha? Mimi nimeshanuniwa.

Tulikwenda Busale, Kyela, kumsalimia bibi yake mzaa baba. Kamera nilishika mimi. Kabla ya safari shoga yangu alinijaza kuwa wapiga picha wa kweli hawapigi JPEG, wanapiga faili ghafi, lile ambalo kwenye menyu ya kamera limeandikwa RAW. Kwa kupenda sifa, nikabadilisha bila kumwambia mtu.

Bibi alikaa uani na kitenge chake kipya, nyuma yake ukuta mweupe unaopigwa na jua la saa saba. Nikapiga picha arobaini.

Miezi minne baadaye bibi akafariki. Studio tuliyopeleka flashi ikasema mafaili hayafunguki. Tukazika bila picha. Tulipokuja kuyafungua kwenye laptopu, ukuta unang'aa, bibi ni kivuli tu!

"Picha arobaini, hata moja haina uso?" mume wangu aliuliza. Basi, kimya kikaanza.

Ikabaki siku ya kujengea kaburi. Nikaamua kujifunza usiku, wenyewe wakilala.

Kumbe faili ghafi si picha bado. Ni kama mchele wa Kyela kabla ya kuingia jikoni. JPEG ni wali ambao kamera imeshakupikia, na mabaki imeyatupa. Kwa kila rangi, JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Maana yake bibi alikuwemo mle gizani, nilikuwa sijamtoa tu.

Na giza lenyewe lina sababu. Kamera hupima mwanga ikidhani kila ilichokiona kwa wastani ni kijivu. Ikiona ukuta mweupe inapunguza mwanga, na uso mweusi unazama. Hata enzi za filamu hatukufikiriwa sana: kwa miaka mingi kadi za Kodak za kupimia rangi studio zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu.

Nilitumia darktable, programu ya bure. Lightroom ya Adobe nayo ni nzuri, ila inalipiwa. Kwanza nilirekebisha joto la rangi, kitenge kikarudi kuwa kitenge. Pili nikaongeza mwanga. Tatu nikaushusha ukuta na kunyanyua vivuli. Ukinyanyua mno, chenga zinajaa usoni. Uzuri ni kwamba faili la asili haliguswi, ukikosea unarudi mwanzo.

Na nilikosea. Nilisogeza, nikasogeza, bibi akawa mweupe pe! Nikamwita mume wangu kwa furaha. Akatazama muda mrefu.

"Mama watoto, huyu ni nani? Bibi hajawahi kupaka mkorogo."

Tukacheka, mara ya kwanza tangu siku tatu. Akavuta kiti.

"Rudisha. Bado. Bibi alikuwa mweusi wa kung'aa. Haya, hapo hapo!"

Mikunjo ikatokea, na lile tabasamu la upande mmoja. Mwenzangu akafuta macho. Nami ndipo nikasema nilichopaswa kusema mapema: nisamehe, nilibadilisha bila kukushirikisha.

Somo kwa wapenzi? Kamera nyingi zinaweza kuhifadhi RAW na JPEG kwa pamoja, tumia hiyo kwanza. Mkalishe mzee kivulini, mbali na ukuta unaong'aa. Kagua uso pale pale, mwenyewe akiwa bado amekaa. Na ukirekebisha, mkalishe pembeni yako mtu aliyempenda, maana yeye ndiye anayekumbuka rangi yake.

Sasa picha iko ukutani Busale. Mama mkwe aliishika kwa mikono miwili, akasema tu, "Ndaga fijo, mwanangu."

Wewe picha za wazee wako ziko wapi?